La Débâcle ya Émile Zola: vita ya tumbo na nyayo

Anayekinunua kitabu hiki akitarajia mizinga kuanzia ukurasa wa kwanza, namtahadharisha mapema. Sehemu yote ya kwanza, sura nane nzima, kikosi tunachokifuata hakiingii vitani. Wanatembea. Wanarudi walikotoka. Wanalala matopeni, wanaamshwa usiku, wanasimamishwa barabarani saa nyingi bila kuambiwa sababu, kisha wanatembea tena. Nimekutana na wasomaji walioishia hapo na kukitupa kando. Kwangu mimi hapo ndipo kitabu chenyewe kilipo, na ninaandika maoni haya hasa kuwaomba wavumilie.

Kwa asiyekijua: ni riwaya ya Émile Zola, ilitoka mwaka 1892, ni ya kumi na tisa katika mfululizo wake wa riwaya ishirini za ukoo wa Rougon-Macquart. Usiogope hiyo kumi na tisa, inasomeka peke yake bila shida. Inahusu vita ya Ufaransa na Prussia, dola kubwa la Wajerumani wakati ule. Ufaransa ilitangaza vita tarehe 19 Julai 1870, watu wa Paris wakishangilia mitaani kwamba wanakwenda Berlin. Wiki sita baadaye jeshi zima lilikuwa limezingirwa katika mji mdogo wa Sedan, karibu na mpaka wa Ubelgiji, na Kaisari Napoleon wa Tatu yumo humohumo ndani ya mtego. Nakipa nyota nne kati ya tano. Ile iliyopungua nitaieleza, na nitafichua mambo ya mwisho wa hadithi, kwa hiyo asiyetaka kujua aachie njiani.

Wahusika wakuu ni wawili. Jean Macquart ni koplo wa kikosi cha 106, mkulima, mtu mzima aliyekwisha kupigana huko Solferino, Italia, mwaka 1859, kusoma kwake ni kwa shida. Amerudi jeshini baada ya kufiwa na mke na kupoteza shamba. Maurice Levasseur ni kijana msomi wa sheria aliyefuja pesa za familia huko Paris, akajiandikisha kwa hiari akiwa na kichwa kilichojaa utukufu wa Napoleon wa Kwanza. Huyu msomi anatakiwa kumtii yule mkulima, na mwanzoni anamchukia hasa. Zola hawapatanishi kwa hotuba. Maurice kiatu kinamchuna mguu mpaka nyama, na Jean ndiye anayepiga magoti kumsafisha na kumfunga. Baadaye njaa inapozidi, Jean anatoa kipande cha biskuti ngumu alichokuwa amekibana mwenyewe, anampa mwenzake na kumdanganya kwamba yeye ameshiba. Baada ya hapo wale ni ndugu, na msomaji haulizi kwa nini.

Hiyo safari sasa. Wanaanzia karibu na Mulhouse, kusini mwa Alsace, na kabla hawajamwona Mprussia hata mmoja wanasikia kwamba wenzao wamepigwa kaskazini, Wissembourg na kisha Froeschwiller. Wanaanza kurudi nyuma mbio kwa kuogopa adui ambaye hayupo. Jua kali, vumbi, shanta zenye uzito wa kumuua punda. Mmoja anatupa shanta lake mtaroni, wa pili anafuata, mwishowe hata bunduki zinatupwa, na wanaotupa wanacheka na kuimba. Kando ya barabara mwanamke mmoja wa shamba, mrefu, anawapigia kelele akiwaita waoga na kuwaonyesha kwa mkono kwamba mto Rhine uko upande ule wanaoukimbia. Hakuna anayemjibu. Nimesoma maelezo mengi ya vita, lakini sikumbuki mahali jeshi lilipokufa mbele ya macho yangu namna ile, mchana kweupe, bila hata tone la damu.

Kisha treni, Reims, na mwendo mwingine kuelekea kaskazini kumwokoa jemadari Bazaine aliyefungiwa Metz. Mac-Mahon, mkuu wa jeshi, anataka kurudi kuilinda Paris. Telegramu za Paris zinamkataza, kwa sababu watu wa serikali wanaogopa kwamba Kaisari akirudi ameshindwa, kutazuka mapinduzi. Basi leo jeshi linaenda mashariki, kesho magharibi, keshokutwa mashariki tena. Maofisa wamepewa ramani za Ujerumani, maana hakuna aliyewaza kwamba vita ingepiganiwa kwao. Mvua inanyesha, kuni zimelowa, mabehewa ya chakula yamepotea njia. Na katikati ya wanajeshi wasio na mkate unapita msafara wa Kaisari na mikokoteni ya vyombo vyake vya jikoni, sufuria za fedha, mvinyo na wapishi. Yeye mwenyewe ni mgonjwa, hana amri tena juu ya chochote, anaburutwa na jeshi kama mzigo. Usiku mmoja katika mji wa Le Chesne Maurice anamwona dirishani. Anachokiona ni kivuli tu nyuma ya pazia, kikienda na kurudi, kikienda na kurudi.

Mjomba wangu alikuwa JWTZ wakati wa vita ya Kagera, ni mmoja wa waliotembea kwa miguu hadi Uganda mwaka 1979. Ukimwuliza habari za vita hakwambii risasi. Anakwambia buti, mvua, kilima baada ya kilima, na siku ambazo chakula hakikufika. Na yeye alikuwa upande ulioshinda. Kwa hiyo nilipokuwa nasoma hizi sura za mwanzo nilikuwa namsikia, jambo la ajabu kidogo ukizingatia kwamba Zola mwenyewe hakuwahi kuvaa sare. Mwaka 1870 alikuwa na miaka thelathini na wakati wa vita alikuwa Marseille na Bordeaux. Ila mwaka 1891 alikwenda akaifuata njia ya lile jeshi kutoka Reims hadi Sedan, akihoji watu na kuandika kila alichokiona. Kazi hiyo inaonekana. Kila kijiji kina kilima chake, daraja lake na kisima chake, mpaka unaweza kuuchora uwanja wa vita kwa penseli. Mimi nilifungua ramani ya mtandaoni nikawa nafuata kijiji kwa kijiji, na nashauri kila msomaji afanye hivyo.

Sehemu ya pili ni siku moja tu, tarehe 1 Septemba 1870. Hapa wapenda mizinga watapata haki yao. Lakini hata hapa Zola anakunyima mahali pazuri pa kukaa na kutazama. Kikosi cha 106 kinalazwa kifudifudi katika shamba la kabichi, saa nzima nzima, makombora yakiwapitia juu na mengine yakiwaangukia, wakikatazwa kufyatua risasi kwa sababu hakuna wa kumlenga. Bunduki ya Wafaransa, ile ya Chassepot, ilifika mbali kuliko ya Waprussia. Haikuwafaa kitu. Mizinga ya chuma ya Krupp ilikuwa inawapiga kutoka vilimani, nayo mizinga yao ya shaba haikufika huko. Asubuhi hiyohiyo jeshi lilibadilisha wakuu watatu: Mac-Mahon alijeruhiwa mapema, Ducrot akashika na kuamuru warudi nyuma kuelekea Mézières, mara akatokea Wimpffen na barua ya waziri mfukoni, akalifuta agizo la Ducrot. Askari waliolala kwenye kabichi hawajui hata moja katika hayo. Wanajua tu kwamba yule aliyekuwa kulia kwao sasa hana kichwa.

Kuna jambo dogo katika sura hizo ambalo halinitoki. Maurice anainua macho, na chini bondeni anamwona mkulima akilima na farasi wake mweupe, taratibu, mstari baada ya mstari, huku vita imemzunguka pande zote. Ngano haingoji watu wamalize kuuana. Zola anamrudia baadaye, bado analima. Hasemi kama tumstahi au tumcheke.

Raia ndio walionifanya nikithamini kitabu hiki kuliko riwaya nyingine za vita. Hawakuwekwa humo kama mapambo ya kututoa machozi. Weiss, shemeji yake Maurice, ni karani wa kiwanda, mfupi, mwenye miwani, mtu wa hesabu. Kabla ya vita yeye ndiye pekee aliyewaeleza wanajeshi kwa utulivu kwa nini watashindwa, na Luteni Rochas, ambaye haamini kwamba Mfaransa anaweza kushindwa, akamfokea. Siku ya vita Weiss anakwenda Bazeilles kukiangalia kijumba alichokinunua, anakuta Wabavaria, askari wa Kijerumani wa upande wa Prussia, wanakivunja, na yule mtu wa hesabu anashika bunduki. Mkewe, Henriette, dada yake Maurice, anatembea kutoka Sedan katikati ya makombora kumtafuta. Anamfikia wakati wanampanga ukutani. Raia aliyeshika silaha, sheria ni risasi, na wanampiga mbele ya macho yake. Kwamba kijiji cha Bazeilles kilichomwa moto ni historia, Zola hakulibuni hilo. Alichofanya yeye ni kutuchelewesha njiani pamoja na Henriette, kona baada ya kona, hadi unatamani asifike.

Halafu wako wengine, na hapa naona Zola alikuwa na jicho kali zaidi. Delaherche, mwenye kiwanda cha vitambaa, alikuwa shabiki wa Kaisari mpaka juzi. Leo anahangaika tu kujua kama paa la kiwanda limepona, na jioni anapenda bendera nyeupe kuliko mtu yeyote mjini. Mzee Fouchard, mjomba wa Maurice, ni mkulima wa Remilly anayewafungia mlango askari wa nchi yake wenye njaa. Waprussia wakija, anawauzia nyama ya mifugo iliyokufa kwa ugonjwa, na anajiona mzalendo kwa kuwalisha mizoga, huku faranga zinaingia. Nilimcheka na nikamchukia kwa wakati mmoja. Kila vita ina watu wake wa namna hii na mara chache wanaandikwa.

Na yupo Silvine, mtumishi wa Fouchard, anayekwenda na mkokoteni kuutafuta mwili wa mpenzi wake Honoré, askari wa mizinga, katika uwanja uliojaa maiti. Sura hiyo niliisoma mara moja na sitairudia.

Tahadhari nyingine: usisome sura za hospitali wakati wa chakula. Kiwanda cha Delaherche kinageuzwa hospitali ya muda, na daktari mpasuaji Bouroche anakata miguu na mikono kuanzia asubuhi mpaka taa zinawashwa, aproni yake imelowa, rundo la viungo likikua uani. Zola anaeleza harufu, maji, sponji, klorofomu ya kuwalaza wagonjwa inayokaribia kwisha. Watu humlaumu kwamba anapenda uchafu. Mimi simwoni akifurahia. Anakataa tu kugeuza uso, na anakukatalia na wewe.

Baada ya kusalimu amri, wafungwa zaidi ya 80,000 wanafungiwa kwenye rasi ya Iges, ndani ya kona ya mto Meuse, kwenye mvua, karibu bila chakula. Hapo ndipo sehemu ya kwanza inapolipa. Wale askari uliowaona wakigombea kiazi njiani, umewajua majina na tabia zao: Chouteau mchochezi, Loubet mjanja wa jikoni, Lapoulle jitu lisilofikiri, Pache mcha Mungu. Pache ameficha mkate. Wenzake wanagundua. Sitasema zaidi, ila ni kwa sababu ulitembea nao kurasa zile zote ndiyo maana unaelewa jinsi mikono ya Lapoulle inavyofika pale. Farasi waliotelekezwa wanazurura kwa makundi, wamepagawa kwa njaa, na watu wanawaua kwa visu na kula nyama bila chumvi. Maji ya mto yana maiti, na ndiyo wanayoyanywa.

Msomaji wa Tanzania atakutana na watu anaowajua kwingine. Yule Mfalme Wilhelm wa Prussia anayetazama Sedan kutoka kilimani, majeshi yakionekana kwake madogo kama vinyago, ndiye aliyetangazwa Kaisari wa Ujerumani huko Versailles tarehe 18 Januari 1871, na ndiye ambaye serikali yake chini ya Bismarck ilitoa hati ya ulinzi ya Februari 1885 kwa kampuni ya Carl Peters juu ya Usagara, Nguru, Uzigua na Ukami. Shuleni tulifundishwa kuanzia Peters na mikataba yake, kana kwamba Wadachi walishuka kutoka angani mwaka 1884. Ushindi uliowapa nchi moja na kichwa kikubwa ni huu wa Sedan. Hilo halimo katika riwaya, Zola hakuwa na habari nasi, lakini nilisoma nusu ya kitabu nikilifikiria.

Sasa ile nyota iliyopungua. Sehemu ya tatu inaanza vizuri, kijijini chini ya jeshi la adui, Jean akiuguza jeraha na Henriette akimhudumia, wawili hao wakipendana bila kuthubutu kusema. Kisha hadithi inahamia Paris, kwenye Komyuni ya 1871, yaani uasi wa watu wa Paris dhidi ya serikali yao, na hapo Zola anaacha kutazama na kuanza kuhubiri. Maurice, ambaye ameingia upande wa Komyuni, anageuka kuwa mfano wa ugonjwa wa Ufaransa, kiungo kilichooza kinachopaswa kukatwa; Jean ndiye sehemu nzima, mkulima mwenye akili timamu. Watu niliokuwa nao kwa kurasa mia nne ghafla wakawa hoja. Wafanyakazi wa Paris, waliouawa kwa maelfu katika wiki moja ya Mei, wanapewa nafasi ndogo mno ya kujieleza, na wanaozungumza kwa niaba yao ni walevi na wachochezi kama Chouteau. Mtu aliyeandika kwa huruma kiasi kile kuhusu wachimba makaa miaka saba kabla, nilitarajia zaidi kutoka kwake.

Na kuna sadfa ya mwisho. Usiku, mji unawaka moto, Jean aliye katika jeshi la serikali anamchoma mtu kwa singe kwenye kizuizi cha mtaa wa rue du Bac, anainama, ni Maurice. Najua kwa nini Zola aliihitaji. Ndugu amemwua ndugu, na kati ya Jean na Henriette haitawezekana tena. Lakini kitabu kilichojengwa kwa viatu na biskuti hakikustahili kufungwa kwa sadfa ya jukwaani. Moto wenyewe ameuandika vizuri sana, hilo lazima nikiri. Jumba la Tuileries linavyoungua nililisoma bila kupumua.

Wajerumani pia wamepewa kidogo. Mwenye jina na hadithi hasa ni Goliath, jasusi, na mwisho wake jikoni kwa Fouchard ni wa kutisha mno, ila wengine wote ni kofia na sauti. Unaweza kusema ndivyo adui anavyoonekana na aliyeshindwa. Haya.

Kuhusu tafsiri. Nimesoma kwa Kiingereza, toleo la Oxford lililotafsiriwa na Elinor Dorday, lililotoka mwaka 2000. Mazungumzo ya askari yanasikika kama ya askari, matusi yapo. Kabla yake nilijaribu tafsiri ya zamani, ambayo hakimiliki yake imekwisha na inapatikana bure mtandaoni, nikaiacha kwa sababu lugha yake ni kavu na rasmi mno. Watafsiri wa wakati ule walikuwa na sababu ya kuogopa: mchapishaji wa Zola huko London, Henry Vizetelly, alifungwa jela mwaka 1889 kwa kuchapisha riwaya zake. Asiye na pesa ya toleo jipya bado asome hiyo ya bure kuliko kukosa. Wasomaji wa Lubumbashi na Bukavu wanaosoma Kifaransa waende moja kwa moja kwenye asili.

Andika majina ya majenerali kwenye karatasi, maana ni wengi na wanafanana. Na kama umempenda Jean, jua kwamba maisha yake ya nyuma kidogo yamo katika La Terre ya 1887, kitabu kizito na kichafu kuliko hiki. Anatajwa tena katika riwaya ya ishirini, Le Docteur Pascal ya 1893: amerudi kulima, ameoa tena, ana watoto. Ni mistari michache tu humo ndani, lakini niliitafuta makusudi.